Majina ya Mitaa ya Dar es Salaam

Mji wowote uliopata kupita katika mikono ya watawala wengi huwa na namna mbili za kuhifadhi taarikhi yake: ya kwanza ni ile iandikwayo vitabuni na wanazuoni, na ya pili ni ile ibandikwayo pembeni mwa njia, ambayo kila mpitaji huisoma, akitaka asitake, na aghalabu bila ya kujua kwamba asomayo ni taarikhi. Dar es Salaam ni mji wa namna hiyo. Katika muda usiotimia karne mbili umekuwa milki ya Sultani wa Unguja, umekuwa makao ya Wajerumani, umekuwa makao ya Waingereza, na mwisho umerudi kwa wananchi wenyewe. Na kila dola iliyoshika hatamu haikukawia kunyosha mkono wake kwenye majina ya mitaa.

Seyyid Majid bin Said, alipoanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, penye bandari iliyokingwa na nchi kavu na yenye mlango mwembamba wa kuingilia, hakuhitaji vibao, kwa maana mji wenyewe ulikuwa mdogo na nyumba ilitosha kujulikana kwa mwenyewe. Alifariki mwaka 1870 kazi ikiwa haijesha, na ndugu yake Seyyid Barghash, aliyerithi kiti, hakuitia nguvu tena. Mji ukadorora mpaka Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walipoiacha Bagamoyo na kuufanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Hapo ndipo ramani ilipochorwa, njia zikanyoshwa, na majina yakagawiwa.

Majina hayo yalitoka Ulaya pamoja na saruji na mabati. Njia iliyofuata ukingo wa bandari iliitwa Wilhelmsufer, kwa jina la makaisari wao. Na njia kuu ya katikati ya mji, iliyopandwa miti pande mbili, iliitwa Unter den Akazien, jina ambalo halikuwa mbali na lile la njia mashuhuri ya Berlin, Unter den Linden. Mwaka 1909 ilisimamishwa sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeizima kwa bunduki vita ya watu wa pwani iliyoongozwa na Abushiri bin Salim, na chini yake ikawekwa sanamu ya askari Mwafrika. Mwenye kuingia mjini siku hizo alielezwa na njia zenyewe, kabla hajazungumza na mtu, nani mwenye amri na nani mwenye kuamriwa.

Waingereza waliutwaa mji tarehe 4 Septemba 1916, na sanamu ya Wissmann haikukaa tena mahali pake. Mwaka 1927 paliwekwa Sanamu ya Askari tunayoijua leo, yenye kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, hata ikawa katika mji ule ule ambao zamani Mwafrika aliwekwa chini ya miguu ya kamanda, sasa Mwafrika amesimama juu ya jiwe peke yake. Lakini katika majina, watawala wapya hawakwenda mbali. Unter den Akazien waliigeuza lugha tu, ikawa Acacia Avenue. Njia ya ukingoni waliipa jina la Azania, ambalo ni jina la kale sana la pwani hii katika maandiko ya Wayunani, ikaitwa Azania Front. Na kanisa la Kilutheri walilolijenga Wajerumani mahali hapo, ingawa njia yenyewe imekwisha kuitwa Kivukoni, bado linaitwa Azania Front mpaka leo.

Tukiuvuka uwanja wa Mnazi Mmoja tunaingia katika sehemu ambayo kwangu ni tajiri kuliko zote kwa habari ya majina. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo baada ya mji kutwaliwa. Wapagazi hao walikuwa wanaume waliochukuliwa vijijini, wengi wao bila ya hiari, wakabebeshwa risasi na vyakula katika misitu ya kusini; na waliokufa kwa njaa, homa na kuhara walikuwa maelfu kwa maelfu, wengi kuliko waliouawa kwa silaha. Sasa tazama majina ya mitaa iliyopangwa mahali pa kambi ile: Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Hayo ni majina ya mahali pa kusini palipopiganwa vita vikali mwaka 1917, na vita ya Mahiwa, ya mwezi wa Oktoba, ilikuwa miongoni mwa vita vya kumwaga damu nyingi kabisa katika Afrika Mashariki. Mnunuzi wa vitenge na mchuuzi wa vyombo hupita katika mitaa hii kila siku wakikanyaga majina ya makaburi ya babu zao, wala hapana kibao hata kimoja kiwaambiacho hivyo.

Kando ya majina hayo ya vita palitiwa majina ya wasafiri wa Kizungu, kama Livingstone, ambaye mtaa wake ungalipo. Palitiwa majina ya makabila na ya sehemu za nchi, kama Nyamwezi na Pemba. Na palitiwa jina la Aggrey, yule mwalimu mashuhuri wa Gold Coast aliyepita katika nchi zetu mwaka 1924 akihimiza elimu ya Mwafrika. Hivyo Kariakoo ilikuwa ramani ya Afrika Mashariki nzima ndani ya mitaa michache, ila ni ramani iliyochorwa na mgeni.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa wajibu majina yabadilike, na yalibadilika. Acacia Avenue iliitwa Independence Avenue. Mtaa wa Kichwele, upitao kando ya Mnazi Mmoja kwenda Ilala, uliitwa Uhuru. New Street, mtaa ambao ndani yake mna jengo kilimozaliwa TANU, chama kilichopigania uhuru, tarehe 7 Julai 1954, ulipewa jina la Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga mwezi wa Januari 1961. Na jina hilo likashika mizizi hata leo mtu akisema tu kwamba habari fulani imetoka Lumumba, msikilizaji hufahamu kuwa yatajwa ofisi ya CCM, chama kilichoirithi TANU. Inafaa kufikiri, hata hivyo, kwamba kwa muda mji ulikuwa na njia mbili zilizotajwa kwa jambo moja: ile ya upande wa mabenki na maofisi ikiutaja uhuru kwa Kiingereza, na ile ya upande wa wachuuzi na mafundi ikiutaja kwa Kiswahili. Mipaka iliyowekwa na wakoloni, ya kuwatenga Wazungu, Wahindi na Waafrika kila mmoja katika mahali pake, ilikuwa imefutwa katika sheria, lakini athari yake ilikuwa ingali ikisomeka kwenye vibao.

Baadaye Independence Avenue ilivuliwa jina hilo na kuitwa Samora, kwa heshima ya Samora Machel, Rais wa kwanza wa Msumbiji huru, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1986. Msomaji asidhani kwamba jina hili liliazimwa kutoka mbali kwa ajili ya urafiki wa viongozi tu. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa papa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, Samora mwenyewe alifika hapa mwaka 1963 akiwa kijana atafutaye silaha na mafunzo, na ofisi ya chama chake ilikuwa katika Mtaa wa Nkrumah. Njia moja, basi, imepata majina manne: la Kijerumani, la Kiingereza la ukoloni, la Kiingereza la uhuru, na la mwana wa Afrika ambaye mji huu ulimlea. Mwenye kuyajua majina hayo manne kwa utaratibu wake amekwisha kuijua nusu ya taarikhi ya nchi. Kwa njia hiyo hiyo City Drive ilipewa jina la Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1984. Barabara ya kuingilia bandarini ikapewa jina la Mandela. Na barabara ya Pugu ikapewa jina la Julius Nyerere, jambo lililokuwa na insafu, kwa kuwa Mwalimu alikuwa akifundisha Pugu alipoongoza TANU katika mwanzo wake, mpaka mwaka 1955 alipoiacha kazi ya ualimu.

Lakini katika majina yote, yale yaliyonigusa kuliko mengine ni ya watu wa mji wenyewe. Mtaa wa Kipata katika Kariakoo umeitwa Kleist Sykes, kwa jina la katibu mwasisi wa African Association iliyoundwa mwaka 1929, na jina hilo limewekwa mahali alipoishi mwenyewe. Tandamti ulipewa jina la Mshume Kiyate, mzee wa TANU aliyekuwa mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo, ingawa jina la zamani halijatoka midomoni mwa watu. Na ile njia pana inayopita mbele ya Maktaba Kuu, iliyokuwa ikiitwa kwa jina la UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanzania, sasa inaitwa Bibi Titi Mohamed. Mama huyu alikuwa mwimbaji wa ngoma kabla hajawa mwanasiasa. Aliwakusanya wanawake wa mji huu katika TANU siku ambazo wanaume wengi wenye ajira serikalini waliogopa hata kuonekana na kadi ya chama. Na alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la uhaini, na mwaka uliofuata akasamehewa na kuachiliwa. Kwamba njia iliyobeba jina la umoja aliouongoza imerudi kubeba jina lake mwenyewe, baada ya heshima, hukumu na msamaha, ni ibra kubwa kuliko hotuba nyingi, na ni dalili kwamba taifa linaweza kurudi nyuma na kumpa mtu haki yake.

Hata hivyo amri ya serikali siyo neno la mwisho katika jambo hili. Mwaka 2013, Rais wa Marekani alipozuru nchi yetu, njia ya Ocean Road ilipewa jina lake, ikawa Barack Obama. Lakini hospitali ya saratani iliyo kando yake, katika majengo ya enzi ya Wajerumani, bado ni Ocean Road, na mgonjwa atokaye mikoani huambiwa aende Ocean Road. Na ukitaka kumwelekeza mtu mjini, hutamtajia Mtaa wa Azikiwe. Utamwambia ashukie Posta Mpya. Vituo vya daladala vimeunda mji mwingine wa majina, usio na idhini ya baraza lolote, ambao wenyeji wote huufuata: Mnazi Mmoja, Magomeni Mapipa, Mwembechai, Mtoni kwa Azizi Ali. Katika majina hayo mna mti uliokuwapo, mna mapipa, mna mtu aliyekaa hapo na kuheshimiwa na jirani zake. Wananchi hawakungoja kupewa majina. Waliyaunda kwa haja zao, na wakayahifadhi kwa ndimi zao, nayo yamedumu pale ambapo vibao vingi vimeng'olewa.

Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi, na kwa mara ya kwanza vichochoro vingi visivyokuwa na jina rasmi vilipata kibao, na nyumba zikapata namba. Ni kazi yenye manufaa dhahiri, kwa kuwa gari la wagonjwa na la zimamoto halifiki kwa dalili za mwembe na duka la muuza mkaa. Lakini kazi kubwa ya namna hii ina dhima yake pia. Kila palipobandikwa jina jipya huenda palikuwa na jina la zamani lililojulikana na wazee watatu au wanne wa mtaa, na wazee hao wakienda zao, hapana mahali pengine ambapo jina hilo litapatikana.

Kwa hiyo naona kuwa mabishano juu ya kubadilisha au kutobadilisha majina hayatufikishi mbali. Yako majina yaliyostahili kuondoka: watu walio huru hawakuwa na sababu ya kuendelea kupita katika ufuko wa Kaisari. Yako pia yanayostahili kubaki, kama yale ya vita vya kusini, kwa sababu yanawahusu wapagazi ambao hawana kumbukumbu nyingine ya kutosha. Lililo la lazima ni kwamba badiliko lolote liandikwe: jina jipya liwekwe juu, la zamani liwekwe chini yake kwa herufi ndogo, na pafuate mstari mmoja wa kueleza mwenye jina alikuwa nani na alifanya nini. Halmashauri zina ramani za zamani. Shule zina watoto wawezao kutumwa kwa wazee wa mtaa wakiwa na daftari na kalamu. Na wenyeviti wa serikali za mitaa wanawajua wazee hao kwa majina. Gharama yake ni ndogo, na kazi yenyewe haihitaji mtaalamu kutoka nje. Mtoto wa Kariakoo aendaye shule kwa kupita Mahiwa ana haki ya kujua jina hilo limetoka wapi, na wajibu wa kumjulisha ni wetu tulio hai sasa, kabla hawajaondoka wale wenye kulijua.