Shabu Ndani ya Chanjo

Mama ampelekapo mtoto wake kuchanjwa, aghalabu hurudi naye akiwa na uvimbe mdogo pajani, na usiku mwili wa mtoto huchemka kidogo. Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Bibi husema sindano imemwingia vibaya. Jirani husema mna kitu kilichotiwa humo. Sisi twapenda kuwaeleza ndugu zetu wasomaji, wazazi na vijana, kwamba ni kweli, kitu kimetiwa. Wala hakikutiwa kwa siri, na yafaa kila nyumba ya Kiislamu ikijue.

Chanjo si za namna moja. Ziko zilizo na kijidudu kilicho hai lakini kilichodhoofishwa, kama ile ya surua. Kijidudu hicho huzaana kidogo mwilini, na mwili humwona adui na kuamka. Lakini ziko nyingine, kama za pepopunda, dondakoo na homa ya ini, ambazo ndani yake hamna chochote kilicho hai, ila kipande tu cha kijidudu, au sumu yake iliyokwisha kuvunjwa makali. Kipande hicho peke yake ni kimya mno. Mwili hukipita kama mtu apitavyo jiwe njiani. Kwa hiyo hutiwa pamoja nacho kitu cha pili cha kuushtua mwili. Wataalamu hukiita ajuvanti, neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kusaidia. Nasi hapa tutakiita kisaidizi.

Aliyekigundua alikuwa daktari wa wanyama, Mfaransa jina lake Gaston Ramon. Kazi yake ilikuwa kuchanja farasi kwa sumu ya dondakoo iliyovunjwa makali, ili damu yao itoe dawa ya kuwatibia wagonjwa. Akaona ajabu: farasi waliofanya jipu pale walipodungwa ndio waliotoa dawa yenye nguvu zaidi. Mtu mwingine angelisikitikia majipu yale tu. Ramon alijiuliza kama yeye mwenyewe aweza kuleta uvimbe huo, akachanganya chanjo na chenga za mkate, na tapioka, ambayo ni wanga wa muhogo huu huu tuupikao. Mnamo mwaka 1925 alieleza kwamba kinga ya farasi wale iliongezeka.

Mwaka uliofuata, 1926, Mwingereza Alexander Glenny na wenzake walitumia shabu. Naam, shabu hii hii ya dukani, ambayo wazee wetu huitia mtungini kutuliza maji machafu, na kinyozi huipaka penye mkwaruzo wa wembe. Asili yake ni madini ya alumini. Kama vile ikusanyavyo matope ya mtungi, ndivyo ilivyoikusanya ile sumu iliyovunjwa makali ikawa chembe chembe, na kinga ikazidi. Tangu hapo chumvi za alumini hazijaacha kutumika. Chanjo ya magonjwa matano wapewayo watoto wetu wa Kenya na Tanzania wafikapo wiki 6, 10 na 14 inazo. Kiasi chake katika sindano moja hakizidi miligramu 1 na robo. Mtu mzima hula alumini miligramu 7 hadi 9 kwa siku katika chakula chake, ingawa sehemu ndogo tu ya hiyo ndiyo iingiayo damuni.

Basi kisaidizi hufanyaje kazi? Kwa miaka mingi kilitumiwa bila ya sababu yake kujulikana, hata mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Charles Janeway, akawasema wenzake kwamba jambo hilo ni siri yao ya aibu. Yeye alifikiri kwamba mwili hauondoki kupigana kwa kuona kitu kigeni tu. Hungoja kwanza dalili ya hatari. Waswahili tungesema hungoja mbiu ya mgambo. Kisaidizi ndicho kipigacho mbiu hiyo. Chembe za ulinzi hukimbilia penye sindano, na ndio ule uvimbe. Miongoni mwao zimo chembe zenye matawi, ambazo humeza kipande cha kijidudu, zikakichukua mpaka kwenye tezi, na kukionyesha kwa chembe nyingine ambazo kazi yao ni kutengeneza silaha na kukumbuka sura ya adui. Ralph Steinman, aliyezigundua chembe hizo za matawi, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Alikuwa amekufa siku tatu kabla haijatangazwa.

Wala hatusemi kwamba kila kisaidizi ni salama. Mafuta aliyoyatengeneza Jules Freund, yakichanganywa na vijidudu vya kifua kikuu vilivyouawa, yalikuwa na nguvu kubwa mno, lakini yalileta vidonda vibaya, na kwa hiyo yakaachiwa wanyama wa maabara. Na baada ya chanjo moja ya mafua yenye kisaidizi kutumika katika Finland na Sweden mwaka 2009, baadhi ya watoto na vijana walipatwa na maradhi ya kusinzia ovyo. Haijathibitika kwamba kosa lilikuwa la kisaidizi chenyewe, lakini chanjo ile haitumiki tena. Mzazi anayeuliza asikemewe. Ana haki ya kujibiwa.

Wengine huuliza juu ya halali na haramu, na swali hilo ni la wajibu. Shabu ni madini. Kisaidizi kingine, kilichoruhusiwa Italia mwaka 1997 kwa chanjo ya mafua ya wazee, kina mafuta yaliyosafishwa kutoka ini la papa, samaki ambaye pwani yetu yote humla, na mafuta ya ini lake mabaharia huyaita sifa na kuyapaka vyomboni. Cha tatu hutoka katika ganda la mti wa Chile uitwao kilaya, ambalo likisuguliwa majini hutoa povu kama sabuni. Mwenye shaka juu ya chanjo nyingine na aulize mganga imetengenezwa kwa nini, kisha amwulize shekhe wake. Asitosheke na uvumi wa barazani. Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kujitibu.

Ganda hilo la kilaya latuhusu sana sisi wa nchi za malaria. Mwaka 1997 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani. Watu waliojitolea walipewa chanjo ya malaria yenye kipande kile kile cha kijidudu, ila visaidizi vilikuwa vya namna tatu. Kisha wakaumwa na mbu wenye malaria. Wasiochanjwa, wote 6, waliugua. Katika kundi lenye shabu na kichocheo kimoja waliugua 7 kati ya 8. Katika kundi lenye mafuta matupu waliugua 5 kati ya 7. Katika kundi la mafuta pamoja na vichocheo viwili, kimoja kikiwa cha kilaya, aliugua 1 tu kati ya 7. Kipande ni kile kile!

Kutokana na kazi hiyo ilitengenezwa chanjo iliyojaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 wa Afrika, na Kilifi, Korogwe na Bagamoyo zikiwamo. Kwa watoto waliodungwa mara nne, ilipunguza malaria kwa kadiri ya thuluthi moja katika muda wa miaka minne. Si kinga kamili, na chandarua hakiwekwi kando. Homa Bay, Kenya, ilianza kutolewa Septemba 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Ya pili, iliyopendekezwa mwaka 2023, nayo imetiwa kisaidizi cha kilaya.

Limebaki jambo moja kwa wenye kutunza chanjo zahanati. Watu wengi hudhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo dawa inavyohifadhika. Sivyo kwa chanjo zenye alumini. Zikiganda barafu, chembe za alumini hushikana mabonge, na hata zikiyeyuka hazirudi kama zilivyokuwa. Ziwekwe kati ya digrii 2 na 8. Ikiwa pana shaka, huchukuliwa chupa moja ya aina ile ile ikagandishwa kwa makusudi, kisha ikayeyushwa na kutikiswa pamoja na ile inayoshukiwa, na zote mbili zikawekwa mezani. Ikiwa ile inayoshukiwa yatuama upesi kama mwenzake, haifai kumdunga mtoto, nayo hutupwa.