MIGUU NI AMANA: Maradhi ya Nyayo na Vifundo, na Haja ya Kumwendea Tabibu

Katika neema ambazo mwanadamu huzitumia kila siku na asizikumbuke ila zinapomwondokea, miguu ni mojawapo. Jicho likiuma saa moja, nyumba nzima hupata habari. Jino likiuma usiku, asubuhi mwenyewe yuko kwa daktari. Lakini mguu huuma mwezi, ukauma miezi, na mwenyewe akachechemea kwenda sokoni, akachechemea kwenda msikitini, na akiulizwa husema: "Si kitu, ni uchovu tu." Makala haya twayaandika ili wenye nyumba na vijana wetu wapate kujua ni yapi katika maradhi ya miguu yatibikayo nyumbani, na ni yapi yasiyongoja hata siku moja.

Yafaa kwanza tulitazame umbo lenyewe. Wayo mmoja una mifupa 26. Nyayo mbili zina mifupa 52, nayo ni kama robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Mifupa hiyo imeungwa kwa kano nyingi, na juu yake umewekwa uzito wa mwili mzima. Basi si ajabu chombo kama hiki kikipatwa na hitilafu. Ajabu ni kuwa twakipuuza.

Kifundo kilichoteguka

Vijana wetu wachezao mpira hulijua jambo hili sana. Aghalabu wayo hupinduka kwa ndani, na kano za upande wa nje wa kifundo zikavutika au zikakatika. Desturi ya wengi wetu ni kumwita mkandaji papo hapo, akakichua kifundo kwa mafuta ya moto huku kijana akipiga kelele. Katika siku za mwanzo desturi hii ina madhara, kwani joto na kukandwa huzidisha uvimbe. Na ikiwa mfupa umevunjika, kuuvutavuta ni kuuharibu zaidi. Lililo bora ni kuupumzisha mguu, kuuwekea barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadha kwa siku, kuufunga bendeji isiyobana mno, na kuuinua juu ya mto.

Huenda mtu akauliza: Nitajuaje kuwa mfupa haukuvunjika? Mwaka 1992 madaktari wa mji wa Ottawa, huko Kanada, walieneza kanuni nyepesi ambayo hata leo yatumika katika nchi nyingi. Mtu asiyeweza kwenda hatua nne kwa mguu ule, au mwenye kuumia anapobonyezwa nyuma au kwenye ncha ya mfupa wa kifundo, wa nje au wa ndani, na apelekwe kupigwa picha ya eksirei. Na uvimbe ukiisha kazi haijesha: kijana ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja kila siku, ili kano zirejee nguvu zake, ama sivyo kifundo kitateguka tena na tena.

Kisigino kinachouma asubuhi

Wako watu ambao wakishuka kitandani kwenda kutawadha kwa sala ya alfajiri, hatua ya kwanza huwa kama kukanyaga mwiba, kisha maumivu hupungua wanapozidi kutembea. Hayo aghalabu ni maradhi ya utando mnene ulio chini ya wayo, ushikao kisigino na vidole. Huwapata zaidi wenye kusimama kutwa kazini, walioongezeka uzito, na wenye kuvaa ndara nyembamba zisizo na mto. Dawa yake kubwa ni subira na mazoezi: kuyanyoosha mashavu ya miguu kwa kusukuma ukuta huku kisigino kikiwa chini, kubingirisha chupa ya maji baridi chini ya wayo, na kuvaa kiatu chenye mto kisiginoni. Wengi hupona kwa miezi kadha bila ya kupasuliwa.

Fangasi, kucha na magaga

Sisi twaosha miguu yetu mara nyingi kwa siku, na hilo ni jambo jema. Lakini maji yakibaki baina ya vidole, kisha mguu ukatiwa katika soksi na kiatu kilichofungika, hapo fangasi hupata makao, hasa baina ya kidole kidogo na jirani yake. Ngozi huwa nyeupe, ikawasha, ikachanika. Tumefunzwa katika udhu kuvipitisha vidole vya mkono baina ya vidole vya miguu ili maji yafike. Basi na tuzoee, baada ya udhu, kupitisha kitambaa kikavu pale pale. Dawa ya kupaka itumiwe mpaka muda aliousema mwenye dawa uishe, hata kama muwasho umekoma, kwani mzizi hubaki.

Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka, zisichimbwe pembeni, kwa sababu pembe iliyochimbwa hurudi ikakua ndani ya nyama na ikatunga usaha. Magaga ya kisigino yasuguliwe taratibu kwa jiwe baada ya kuoga, kisha yapakwe mafuta. Kuyakata kwa wembe ni hatari. Na akina mama wajihadhari na piko: lile jeusi huchanganywa na dawa ya kutia rangi nywele, nayo yaweza kuunguza ngozi ikafanya malengelenge.

Mguu usiouma

Hadi hapa tumesema juu ya mguu unaouma. Sasa twataka kusema juu ya mguu usiouma, nao ndio wa kuogopwa zaidi. Maradhi ya kisukari yakikaa mwilini miaka mingi bila ya kutawaliwa, huiharibu mishipa ya fahamu, na mguu ukafa ganzi. Tena huibana mishipa ya damu, na kidonda kikawa hakiponi. Mtu hukanyaga msumari asijue. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa wamelala, wasizinduke. Na katika Haji wamepatikana mahujaji walioungua nyayo kwa kutembea pekupeku juu ya ardhi yenye joto kali, wala hawakuhisi mpaka ngozi ilipobanduka.

Katika mtaa wetu alikuwako mzee mmoja, mtu wa safu ya mbele. Kwa kukaa sana katika tahiyatu alikuwa na sugu juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, kama wengi wetu tulivyo nayo. Sugu ile ilipasuka chini kwa chini. Hakuhisi maumivu, na alipoona unyevu katika soksi aliona haya kusema. Wanawe walikuja kujua kwa harufu. Alipofikishwa hospitali, usaha ulikuwa umekwisha kuingia mfupani, na mguu ukakatwa chini ya goti. Wahenga hawakukosea waliposema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi mwenye kisukari na ashike mambo haya. Kila usiku azitazame nyayo zake juu na chini, na kama haoni vyema, mtoto wake amtazamie. Maji ya moto ayapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Akung'ute kiatu kabla ya kukivaa. Kiatu kipya akinunue jioni, wakati mguu umekwisha kuvimba kidogo kwa shughuli za mchana. Na akiona kidonda, lengelenge au weusi, aende hospitali siku ile ile.

Kumwendea tabibu wa miguu

Elimu ya kutibu miguu yaitwa podiatria. Katika Uingereza kila mwenye kisukari huitwa kukaguliwa miguu yake mara moja kwa mwaka. Kwetu Afrika Mashariki matabibu wa namna hiyo ni wachache. Lakini kliniki za kisukari katika hospitali kubwa, madaktari wa mifupa na wataalamu wa mazoezi ya viungo hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Hapana la kuogopa katika kukaguliwa. Tabibu atakutazama unavyotembea. Atavipindua viatu vyako vya zamani aone vimelika upande gani, kwa hiyo vichukue. Atatafuta pigo la damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Kisha atakugusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, huku umefumba macho, useme wauhisi au hauhisi. Uzi huo hauumi, nao hufichua hatari kabla kidonda hakijatokea. Bibi mwenye kuona haya amtake tabibu mwanamke akiwapo. Asipokuwapo, wanavyuoni wameruhusu kwa dharura, naye aende pamoja na mumewe au maharimu wake. Na mwenye kufungwa bendeji asiifungue ovyo kwa ajili ya udhu, bali amwulize shekhe wake hukumu ya kupaka maji juu ya jabira, kwani dini yetu imemwekea mgonjwa wepesi.

Nanyi vijana, wazee wengi hawatasema. Usingoje baba alalamike. Leo baada ya isha mwombe akunyoshee miguu, uzitazame nyayo zake kwa taa, na baina ya vidole. Ukikuta kidonda, usilale nacho mpaka wiki ijayo.

Mwenyezi Mungu atupe siha, na atuhifadhie miguu yetu mpaka mwisho wa safari. Amin.