Simu ya Dar juu ya meza ya Kasulu

Siku hizi mhasibu aliyeko Kasulu au Kibondo anaweza kubonyeza tarakimu tatu tu, simu ikaita mezani kwa bosi wake Dar es Salaam kana kwamba wanafanya kazi korido moja. Hakuna muda wa maongezi unaokatwa, wala nguzo ya simu nje ya dirisha. Waya mmoja umetoka kwenye swichi ya intaneti, basi. Raha yake ndiyo hiyo. Karaha huja siku simu inapogoma, kwa sababu fundi anayeijua yuko mwisho wa pili wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200, na hana macho mengine isipokuwa ya yule aliyeketi mbele ya simu.

Nyanda hizi za juu za Kigoma zina historia ndefu ya kupambana na umbali. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walimiminika mkoani, na Mtabila, wilayani Kasulu, ikawa mojawapo ya kambi zilizowapokea Warundi. Watumishi wa mashirika walishinda na redio kol kiunoni: unabonyeza, unasema, unaachia, unangoja. Mtabila ilifungwa Desemba 2012, na leo jina hilo linajulikana zaidi kwa kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kazi ya wakimbizi haikuisha. Kambi ya Nyarugusu iliendelea, na wimbi la wakimbizi la mwaka 2015 likafanya Nduta, wilayani Kibondo, ifunguliwe tena.

Wakati huohuo njia za mawasiliano zilikuwa zikibadilika. Kampuni ya simu ya TTCL ilipoteza haki ya kuhodhi huduma za simu za mezani Februari 2005, na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikaanza kutoa leseni kwa mfumo mpya uliofungua milango kwa wengine. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009. Umeme nao ulichelewa: hadi mwaka 2022 Kasulu ilikuwa ikiendeshwa kwa majenereta, ndipo ikaunganishwa na gridi ya Taifa.

Anza na umeme, malizia na sauti

Simu hii ya intaneti kwa kweli ni kompyuta ndogo yenye mkono wa kusikilizia. Ikiwashwa hutafuta mtandao, kisha hujitambulisha kwa mtambo wa makao makuu kwa jina na nywila yake. Mafundi huita hatua hiyo kusajiliwa. Isiposajiliwa, ni pambo la mezani.

Umeme ukikatika na kurudi, simu huwaka kabla rauta haijapata intaneti, inakosa pa kujisajili, na ofisi nzima inaamini imekufa. Dawa ni kufuata mpangilio: washa modemu na rauta kwanza, kisha swichi, halafu simu iwe ya mwisho. Simu nyingi hupokea umeme kupitia waya uleule wa intaneti, kwa hiyo UPS inayobeba kompyuta ikaiacha swichi haisaidii kitu. Angalia pia saa kwenye kioo. Simu huchukua saa yake mtandaoni, hivyo ikionyesha mwaka wa ajabu, kuna uwezekano mkubwa kwamba haijafika nje ya jengo.

Ikiwa imesajiliwa lakini mazungumzo ni ya upande mmoja, yaani Dar wanakusikia nawe huwasikii, usiilaumu spika. Katika mfumo huu, ujumbe wa kuitana hupita njia yake na sauti hupita njia nyingine, kwenda na kurudi kila moja peke yake. Rauta nyingi za bei nafuu zina kipengele kiitwacho SIP ALG kinachojaribu kusaidia simu, na mara nyingi huishia kuvuruga anwani za sauti. Fundi atakuomba ukizime, au atapitisha simu ndani ya VPN. Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni simu inayokatika kila mara baada ya sekunde 32 hivi. Hiyo haisababishwi na bando kuisha. Mtambo umengoja uthibitisho kwamba simu imepokelewa, haukuupata, ukakata.

Sauti inayokwamakwama ni kesi tofauti. Kwa kodeki (namna ya kusimba sauti) ya G.711, maongezi hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, sawa na karibu MB 80 kwa saa kwa pande zote mbili; kwa G.729 ni karibu theluthi ya hapo. Si mzigo mkubwa, lakini sauti haivumilii foleni. Mwenzako akipakia picha za ripoti ya mwezi, maneno yako hungoja nyuma yake na kufika vipande vipande. Mwombe fundi aipe sauti kipaumbele kwenye rauta, na picha zingoje jioni.

Walio kwenye dishi la setilaiti la kawaida wana jambo moja lisilorekebishika. Setilaiti hiyo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Neno likipanda na kushuka hutumia karibu robo sekunde, wakati wataalamu wa shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, wanapendekeza lisizidi milisekunde 150. Ndiyo maana watu hugongana maneno. Hapo adabu ya redio kol inarudi kazini: sema, maliza, ngoja.

Mambo mawili ya usalama

Mtambo wa simu ulioachwa wazi mtandaoni hujaribiwa nywila usiku na mchana na wezi wanaotaka kupiga simu za nje kwa gharama yako. Nywila isiwe namba ya simu yenyewe, na ofisi isiyopiga nje ya nchi ifungiwe njia hiyo. La pili ni kubwa zaidi: ukipiga 112 kwa simu hii, wito unaweza kutokea Dar es Salaam, si Kasulu. Kwa dharura tumia simu ya mkononi.

Kilichobaki ni namna ya kuripoti. "Simu haifanyi kazi" humwacha fundi gizani. Andika hivi: "Saa 3:40 asubuhi, simu ya mapokezi. WhatsApp inafunguka kwenye mtandao wa ofisi. Simu imesajiliwa. Nikipiga Dar wananisikia, mimi siwasikii. Nikiiunganisha kwenye hotspoti ya simu yangu, nasikia vizuri." Kwa mistari hiyo fundi ameshajua simu ni nzima na mtambo ni mzima, kinachobaki ni mpangilio wa rauta, ambao anaweza kuubadilisha bila kuinuka kwenye kiti. Asipopata mistari hiyo, atabahatisha wiki nzima, au ofisi itamkatia tiketi ya basi kuja Kasulu kuzima kipengele kimoja.