KIXP ni nini, na mtandao mdogo wa mtaani unaingiaje?

Wasomaji wengi wa Pwani wanaijua Eastlands kwa majina ya steji za matatu: Umoja, Donholm, Buruburu, Kayole, Komarock, Dandora. Mimi ni mtu wa Kisauni, lakini kwa miaka kadhaa sasa riziki yangu iko huko, juu ya mapaa ya ploti za Kayole, ambako mimi na wenzangu wawili tunaendesha mtandao mdogo wa kuuza intaneti nyumba kwa nyumba. Vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaofanya kazi hii hii hunipigia simu na swali lao ni moja: hiyo KIXP ni kitu gani, na mtu mdogo anaingiaje? Leo nawajibu hadharani, kwa sababu jambo lenyewe linagusa mifuko yao, na linagusa pia swali la nani hasa anawamiliki wateja wao.

Tuanze na msingi. Intaneti ni maelfu ya mitandao iliyokubaliana kuunganishwa. Safaricom ni mtandao mmoja, Google ni mwingine, vyuo vikuu vyetu vina wao unaoitwa KENET, na sisi wa mapaani tuna wetu. Mitandao miwili iliyo katika mji mmoja isipokutana popote, data baina yake hupitia kwa mtu wa tatu, na huyo wa tatu hulipwa na pande zote mbili. Ni kama kumpelekea jirani wa ukuta mmoja sahani ya futari kwa kuipitisha Lamu kwanza. Itafika, lakini imepoa, na nauli umelipa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Data nayo huzunguka bahari nzima kisha hurudi pale pale ilipoanzia.

Kituo cha kubadilishana trafiki kinaondoa mzunguko huo. Kwa umbo, ni swichi kubwa ndani ya chumba chenye ulinzi, umeme wa uhakika na baridi. Kila mtandao unaleta waya wake hapo, na zile zinazokubaliana hupeana data moja kwa moja bila kutozana. Cha Kenya kinaitwa KIXP, na kinaendeshwa na TESPOK, chama cha watoa huduma za teknolojia nchini.

Historia ya vita

Leo tunakiona kitu cha kawaida, ila hakikuzaliwa kwa amani. Mwaka 2000 Kenya haikuwa na waya wa baharini. Barua pepe kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa jirani yake mtaa wa pili ilipanda satelaiti hadi Marekani au Ulaya, kisha ikarudi. Watoa huduma walifungua KIXP mwezi wa Novemba mwaka huo. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki peke yake ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na baada ya kama wiki mbili tume ya mawasiliano ya wakati huo, CCK, ikaamuru kifungwe. Hoja ilikuwa kwamba swichi ile inavunja haki hiyo ya Telkom. Watoa huduma walijibu kwamba trafiki inayotoka Nairobi na kuishia Nairobi haiwezi kuitwa ya kimataifa. Mabishano yalichukua karibu mwaka mzima. Leseni ilipatikana Novemba 2001 na kituo kikafunguliwa upya Februari 2002.

Tofauti ilionekana mara moja. Data iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde moja kwenda na kurudi ilianza kutumia chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Laini ya kilobiti 64 iliyogharimu zaidi ya dola 3,000 kwa mwezi kupitia satelaiti ilipatikana kwa kama dola 200 kwa trafiki ya ndani. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Internet Society mwaka 2012 ulikadiria kwamba KIXP inawaokolea watoa huduma karibu dola milioni 1.44 kwa mwaka. Uliofuata, wa mwaka 2020, ulionyesha kwamba trafiki inayopatikana ndani ya nchi imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70, na kilele cha trafiki ya KIXP kimetoka gigabiti 1 kwa sekunde hadi 19.

Sababu kubwa ya kupanda huko ni kwamba makampuni makubwa ya nje yameleta hifadhi zao hapa. Mtoto wa Kayole akifungua katuni ya YouTube, mara nyingi video haitoki Marekani. Inatoka kwenye seva iliyoko Kenya, ambayo imekwisha kuhifadhi nakala.

Faida ambayo haimo kwenye bei

Sasa niwaeleze kwa nini sisi tuliingia. Zamani tulinunua intaneti kwa jumla kutoka kampuni moja tu, tukaigawa mtaani. Anwani za IP zilikuwa zake. Mteja wetu mwenye kamera za ulinzi dukani, na yule mwenye cyber, walikuwa wanatumia anwani za kampuni ile kupitia kwetu. Ijumaa moja jioni tukatofautiana juu ya ankara, wakatukatia. Mtaa mzima ukalala hadi Jumatatu. Mama mmoja wa duka aliniita kutoka ng'ambo ya barabara: "Kijana wa waya, tumelipa ama hatujalipa?" Walikuwa wamelipa wote, na sisi hatukuwa na pa kuhamia. Kuhama kwa mwenye jumla mwingine kulimaanisha kubadilisha anwani za kila mteja, nyumba baada ya nyumba.

Hapo ndipo ilipo faida ya kwanza. Ili kuingia KIXP lazima uwe mtandao unaojitegemea, wenye namba yake na anwani zake. Ukishakuwa hivyo, mwenye jumla anakuwa muuzaji kama muuzaji mwingine yeyote. Akikukatia leo, data inapita kwa mwingine, na mteja hajui kumetokea nini.

Hatua zenyewe

Ya kwanza ni leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Huwezi kuuza intaneti kwa umma bila leseni. Ziko za ngazi mbalimbali, na miaka ya karibuni imeongezwa leseni ya mitandao ya jamii, kwa vikundi vinavyohudumia eneo dogo. Uliza kwanza ipi inakufaa kabla hujalipia kubwa.

Ya pili ni namba na anwani. Hizi hutolewa na AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalohudumia Afrika nzima. Namba ya mtandao unaojitegemea huitwa ASN. Wataka kuona kwamba utaunganishwa na zaidi ya jirani mmoja, na mwenye jumla mmoja pamoja na KIXP wanatosha kujenga hoja hiyo. Anwani za zamani, IPv4, zimebaki chache. Tangu mwaka 2020 AFRINIC hutoa kuanzia fungu la anwani 256 hadi 1,024 kwa ombi moja. Omba na za IPv6, ambazo ni tele. AFRINIC imepitia kesi na migogoro mirefu, kwa hiyo jipange kwa subira na uweke karatasi zako sawa.

Msishangae nikisema anwani 256 zinatosha kuanzia kwa mtaa wenye nyumba nyingi kuliko hizo. Ruta huziweka nyumba nyingi nyuma ya anwani moja. Wenye kamera na seva ndio wapewe anwani zao wenyewe.

Ya tatu ni waya wa kukufikisha kwenye kituo. KIXP ya Nairobi iko ndani ya kituo cha data cha Sameer, upande wa Mombasa Road, kwa hiyo sisi wa Eastlands ni majirani. Hata hivyo hatukuchimba mtaro wetu. Tulikodi faiba kwa kampuni iliyokwisha kufika pale, na ndani ya jengo ukalipiwa waya mfupi unaotoka kwao hadi kwenye swichi.

Ya nne ni ombi lenyewe kwa TESPOK, mkataba na ada ya mlango kwenye swichi. Chukua mlango unaolingana na trafiki yako. Gigabiti 1 inawatosha wadogo wengi.

Ya tano ni ruta inayozungumza BGP. Hiyo ndiyo lugha ambayo mitandao hutumia kuambiana, "Anwani hizi ziko kwangu, zinazotafutwa zileteni hapa." Kituoni unaweza kuzungumza na kila mwanachama mmoja mmoja, au ukatumia seva ya njia, ambayo ni kama mzee wa baraza: unamwambia mara moja, naye anawaambia wote.

Mzee wa baraza huaminiwa, na ndiyo maana sheria za pale ni kali. Tangaza anwani zako na za wateja wako tu. Usimtume mwanachama mwenzako akubebee data ya kwenda ulimwenguni, maana yeye amekubali kupokea za kwake peke yake. Mlangoni ionekane ruta moja tu. Weka kikomo cha idadi ya njia unazopokea kwa jirani, na ziandikishe anwani zako kwa saini ya kidijitali ya AFRINIC, ili mwingine asiweze kudai ni zake. Haya si makaratasi ya bure. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan ilitaka kuifunga YouTube nchini mwake, tangazo lake likavuja nje, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa kama saa mbili. Kosa la ruta ya Kayole linaweza kuzima wengine vivyo hivyo.

Piga hesabu kwanza

KIXP haitakupa intaneti ya bure. Tovuti zisizo na hifadhi hapa bado utazinunulia njia ya nje. Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu yoyote, angalia ruta yako saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko nyumbani. Pima ni sehemu gani ya trafiki inakwenda kwa Google, kwa vyuo, kwa tovuti za serikali na kwa mitandao mingine ya Kenya. Zidisha megabiti hizo kwa bei unayolipa kwa jumla. Kisha jumlisha faiba ya kufika kituoni, mlango, ada za AFRINIC na za leseni. Upande wa pili ukiwa mzito, ngoja ukue, au ungana na wenzako. Na usisahau kuuliza ni nani wanaopatikana kwenye seva ya njia na nani wanataka mazungumzo ya peke yake. Wakubwa wengine hawaoni haja ya kupeana na mdogo bila malipo, na sheria haiwalazimishi.

Faida nyingine huonekana siku ya balaa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Wateja wetu walilalamika juu ya tovuti za nje. Lakini tovuti za chuo, na video zilizokwisha kuhifadhiwa nchini, ziliendelea kufunguka.

Na sisi wa Pwani?

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Waya wa TEAMS na wa SEACOM iliingia Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimeongezeka baadaye. Intaneti ya Kenya, na ya Uganda na Rwanda kwa sehemu kubwa, inapita chini ya miguu yetu. Hata hivyo kijana wa Kisauni anayenunua jumla kutoka kampuni ya Nairobi anaweza kukuta data yake ya kwenda kwa jirani wa Nyali imepanda hadi Nairobi na kuteremka tena, karibu kilomita 500 kila upande. Mzigo unashuka bandarini kwetu, nasi tunaununua umekwisha rudi kutoka bara.

Pa kukutania papo. KIXP ina kituo Mombasa, na kampuni ya Asteroid nayo iliweka chake ndani ya jengo la iColo. Tatizo ni kwamba swichi isiyo na majirani ni sanduku la chuma tu. Makubwa hayana haraka ya kuleta waya wao mahali pasipo na watu, na wadogo wanangoja makubwa. Wa kuvunja mzunguko huo ni mitandao ya mitaani, kwa sababu wao ndio wenye wateja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mitandao mitatu ya Likoni, Kisauni na Changamwe, kila mmoja peke yake, huenda isimudu ada. Wakisajili kampuni moja, wakawa na leseni moja, ASN moja na faiba moja hadi kituoni, gharama inagawanyika na sauti yao mbele ya mwenye jumla inakuwa nzito. Sisi watatu wa Kayole tulianza hivyo hivyo, kila mmoja na paa lake. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuniuliza bei ya mlango, mwanzeni na ile hesabu ya saa tatu usiku, kila mmoja kwenye ruta yake, kisha muilete mezani pamoja.