Kwa nini mifupa ya pango hili inang'aa?

Ukiwa mtalii Belize, mwongozaji atakupitisha msituni, mtaogelea kuingia pango la Actun Tunichil Muknal, na huko ndani utakuta mifupa inayong'aa ya watu waliotolewa kafara na Wamaya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Kinachoing'arisha ni mvua. Maji yakipita kwenye udongo wa msitu hubeba kaboni dayoksaidi, yanakuwa asidi hafifu na kuyeyusha mawe ya chokaa. Yakifika pangoni gesi inatoka, chokaa inaganda juu ya mifupa, tabaka kwa tabaka.

Ganda hilo halihimili kishindo. Mwaka 2012 mtalii aliangusha kamera, fuvu likatoboka. Tangu hapo kamera ni marufuku. Viatu navyo unavua, unatembea na soksi. Kwa hiyo ukiambiwa "kanyaga hapa", kanyaga hapo hapo.