Latitudo Moja Haileti Njia Fupi

Watahiniwa wa KCSE mjini Kakamega wanapodurusu hesabu za longitudo na latitudo, swali huwa lile lile: miji miwili ikiwa kwenye latitudo moja, si njia fupi zaidi ni kuufuata mstari huo? Hapana. Inachosha kulijibu kila muhula, maana imani hii huwapokonya alama wanafunzi wanaoijua kanuni vizuri.

Kakamega yenyewe inachangia kuwapotosha. Mji uko takriban 0°17′ kaskazini, yaani maili 17 za baharini kutoka ikweta, ile inayopita Maseno. Kampala iko 0°19′ kaskazini. Longitudo zao zinatofautiana kwa 2°10′ hivi, sawa na maili 130 za baharini, kama kilomita 241. Ufuate latitudo au ukate moja kwa moja, umbali ni ule ule. Hapa mstari wa latitudo unakaribia kuwa duara kuu, lenye kitovu kimoja na dunia. Ukisogea kuelekea ncha, mambo hubadilika kabisa.

Anayebisha na aende na kamba hadi uwanja wa shule. Achomeke kijiti, kiwe Ncha ya Kaskazini, kisha achore duara lenye nusu kipenyo cha mita 10. Duara hilo ni mstari halali wa latitudo, wenye nyuzi 360 kama ikweta. Kuufuata hadi upande wa pili ni zaidi ya mita 31. Kupitia kwenye kijiti ni mita 20. Nani atazunguka?

Helsinki na Anchorage ziko karibu na nyuzi 60 kaskazini, pande mbili za ncha, longitudo zikitofautiana kwa nyuzi zipatazo 175. Mtahini angezifanya 180. Kwenye latitudo: 180 × 60 × kosaini ya 60, maili 5,400 za baharini. Kupitia ncha: nyuzi 30 kupanda, 30 kushuka, maili 3,600. Maili 1,800, zaidi ya kilomita 3,300, zimetupwa bure kwa sababu ramani ya ukutani huichora latitudo kama mstari ulionyooka!

Basi, longitudo ni moja? Toa latitudo zilizo upande mmoja wa ikweta, jumlisha zilizo pande mbili, zidisha kwa 60. Miji yote miwili iko kwenye ikweta? Tofauti ya longitudo mara 60. Swali limesema “kwenye latitudo”? Zidisha pia kwa kosaini ya latitudo. Limesema “fupi zaidi” na longitudo zinapishana kwa 180? Pita kwenye ncha iliyo karibu. Kilomita zikitakiwa, zidisha maili kwa 1.852, au fuata nusu kipenyo ulichopewa.

Walimu nao waishushe ramani ya ukutani wanapofundisha mada hii, walete tufe na uzi.