Afrika Kusini: Kwa nini minara ya simu huvikwa umbo la mtende?

Mwaka 1996, katika kitongoji kimoja cha Cape Town, ulisimama mtende ambao haukuwahi kuwa mche. Shina lake lilikuwa la chuma, makuti yake ya plastiki, na kileleni, palipostahili kuwa na vishada vya tende, zilifichwa antena za simu za mkononi. Uliundwa na kampuni ya Afrika Kusini iitwayo Brolaz Projects. Tangu hapo mitende ya namna hiyo imeenea mjini humo na katika miji mingine ya nchi, kandokando ya barabara kuu, nyuma ya maduka na katika viwanja vya michezo, kiasi kwamba wenyeji wengi huipita bila kuinua macho.

Wapo wanaoutaja mtende huo kuwa mnara wa kwanza duniani kufichwa katika umbo la mti. Dai hilo lina utata. Miaka minne kabla yake, mwaka 1992, kampuni ya Larson ya Tucson, Arizona, ambayo hapo awali ilikuwa ikitengeneza miamba na miti bandia kwa ajili ya makumbusho na bustani za wanyama, ilikuwa imesimamisha mnara wenye sura ya msonobari mjini Denver, Marekani. La maana zaidi kuliko nani alitangulia ni kwamba nchi mbili zilizo mbali sana zilifikia jibu lilelile karibu wakati mmoja, kwa sababu zilikabiliwa na tatizo lilelile.

Mitandao ya simu za mkononi ilianza huduma nchini Afrika Kusini mwaka 1994. Mnara mmoja huhudumia eneo lenye mipaka na idadi ya watumiaji yenye kikomo. Wateja wanapoongezeka, minara nayo haina budi kuongezeka na kusogea karibu na makazi yao. Hauwezi kuwekwa porini ukahudumia watu walio sebuleni. Hapo ndipo mgongano ulipozuka: mkazi yuleyule aliyetaka simu yake ishike mtandao hadi chumbani hakutaka kuona mlingoti wa chuma kutoka dirishani pake, akihofia pia kwamba thamani ya nyumba yake ingeshuka. Mtende wa plastiki ulikuwa ni suluhu kati ya matakwa hayo mawili.

Hila kongwe kuliko simu

Kuficha mitambo ya huduma za umma hakukuanza na simu. Katika mtaa wa Leinster Gardens jijini London, nyumba namba 23 na 24 zina madirisha, nguzo na milango kama jirani zake, lakini nyuma yake hakuna vyumba. Ni ukuta tu. Reli ya chini ya ardhi ilipofika eneo hilo mwaka 1868, vichwa vya treni vilivyoendeshwa kwa mvuke vilihitaji mahali pa wazi pa kutolea moshi, na pengo lililobaki baada ya nyumba mbili kubomolewa lingeharibu sura ya mtaa wa matajiri. Kampuni ya reli ikajenga sura za nyumba bila nyumba. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 tapeli mmoja aliuza tiketi za dhifa kwenye anwani hiyo, na wageni wakafika wamevalia rasmi na kugonga mlango usiofunguka.

Mjini Toronto, Kanada, mamlaka ya umeme ilianza mapema katika karne ya 20 kujenga vituo vya kupozea umeme katika umbo la nyumba za kuishi, zenye bustani mbele na mapazia madirishani. Vilijengwa kwa mamia. Mpita njia aliona makazi ya familia ya hali ya kati; ndani mlikuwa na transfoma na swichi kubwa. Ustadi huo ulipendeza macho, ila ulikuwa na upande wake wa pili: mwaka 2008 transfoma iliyokuwa ndani ya mojawapo ya majengo hayo, katika barabara ya Millwood, ililipuka na moto ukawaka kwa saa kadhaa. Mtambo wenye hatari unapovikwa sura ya nyumba, hatari hiyo haipungui hata chembe. Kinachopungua ni tahadhari ya anayeishi kando yake.

Jinsi mti wa chuma unavyofanya kazi

Ugumu wa kwanza wa kuficha antena ni kwamba haiwezi kufunikwa kwa chochote tu. Chuma huzuia mawimbi ya redio, na rangi zenye chembechembe za metali huyavuruga. Kwa hiyo shina huwa nguzo ya chuma iliyopakwa ganda bandia, ilhali kila kilicho mbele ya antena hutengenezwa kwa plastiki au faiba ya kioo, ambazo mawimbi hupenya kwa urahisi. Katika jambo hili mti bandia humshinda ndugu yake halisi: majani ya mti halisi yana maji, na maji hunyonya mawimbi.

Ugumu wa pili ni upepo. Nguzo tupu hupisha upepo. Nguzo yenye makuti huukinga kama tanga. Cape Town hupigwa na upepo mkali wa kusini-mashariki wakati wa kiangazi, na mhandisi hulazimika kuimarisha nguzo pamoja na msingi wake wa zege ili kubeba majani ambayo hayana kazi nyingine ila kutazamwa. Jua nalo hupausha rangi ya plastiki na kuifanya iwe dhaifu, hivyo makuti hayana budi kubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Yote hayo ni gharama juu ya gharama ya mnara wa kawaida, na kampuni huikubali pale tu inapoona kwamba pingamizi za wakazi zitaigharimu zaidi.

Hata uchaguzi wa aina ya mti una sababu za kihandisi. Mtende unafaa mnara wa kampuni moja, kwa kuwa majani yake yote yako kileleni na antena hujikusanya humo. Kampuni mbili au tatu zikitaka kushirikiana katika mnara mmoja, kila moja huhitaji kimo chake, na hapo msonobari wenye matawi kuanzia katikati ya shina hufaa zaidi. Tatizo ni kwamba teknolojia haikungoja. Kilele kilichosanifiwa kuficha antena chache za miaka ya 1990 leo kinatakiwa kuficha paneli nyingi zaidi na kubwa zaidi za vizazi vipya vya mtandao. Matokeo yake yanaonekana: mitende mingi ina masanduku yaliyoning'inia chini ya makuti, mfano wa madafu ya mraba.

Lakini kinachoufichua mtende huu zaidi ni vitu vilivyo miguuni pake. Kuna uzio, mara nyingi wenye seng'enge, kibanda cha mitambo, nyaya nene zinazopanda shinani, jenereta, na betri za kuendeshea mtambo umeme unapokatika. Nchini Afrika Kusini, ambako mgawo wa umeme umekuwa wa muda mrefu na wizi wa betri za minara umezilalamisha kampuni za simu hadharani, ulinzi huo hauwezi kuondolewa kwa ajili ya urembo. Kimo nacho hakifichiki. Antena lazima iwe juu ya mapaa na miti iliyoizunguka, na mti uliofichwa miongoni mwa miti hauwezi kufanya kazi hiyo. Kwa maneno mengine, mnara hufaulu kama mnara kwa kadiri unavyoshindwa kama mti.

Mgeni kati ya mimea ya Cape

Mwaka 2009 mpigapicha wa Afrika Kusini Dillon Marsh aliipiga picha minara hiyo ya Cape Town na vitongoji vyake, kisha akaupa mfululizo wake jina lenye maana ya mimea vamizi. Jina hilo lina kejeli ambayo mkazi wa Cape huielewa mara moja. Uoto wa asili wa eneo hilo, uitwao fynbos, ni wa vichaka vifupi na maua. Miti mirefu ni michache. Eneo la mimea la Cape lina takriban aina 9,000 za mimea, nyingi zikiwa hazipatikani kwingine popote, na sehemu zake zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2004. Misonobari na mikaratusi iliyoletwa kutoka ng'ambo hunywa maji mengi na kuusonga uoto huo, na mwaka 1995 serikali ilianzisha mpango mkubwa wa kuikata, ukiwaajiri watu wasio na kazi.

Basi mwaka mmoja baada ya serikali kuanza kung'oa miti ya kigeni, kampuni za simu zikaanza kusimika mingine ya chuma. Katika mandhari ya vichaka vinavyofika kiunoni, mtende wa urefu wa ghorofa kadhaa hauwezi kuitwa maficho. Mtu anaweza kuuliza kama nguzo nyembamba iliyopakwa rangi ya kijivu hafifu, mithili ya mawingu ya eneo hilo, isingesumbua macho kidogo zaidi. Wasanifu kadhaa wa mandhari hushikilia msimamo huo, na kwa maoni ya mwandishi huyu wana hoja: jicho husamehe chombo kinachojitambulisha kwa upesi zaidi kuliko kile kinachojaribu kulidanganya na kushindwa.

Nani anafichiwa?

Suala hili lina upande usiohusu urembo. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 inazizuia serikali za mitaa kukataa mnara kwa hoja ya athari za mionzi ya redio, ilimradi mnara huo umetimiza viwango vya taifa. Mkazi mwenye hofu kuhusu afya yake akabaki na hoja moja tu inayosikilizwa: kwamba mnara ni mbaya kwa sura. Kampuni nayo ikawa na jibu tayari, yaani kuupamba. Hofu haikujibiwa, ilivikwa majani.

Kuhusu hofu yenyewe, ushahidi wa kisayansi uliopo haujathibitisha kwamba mawimbi ya minara huwadhuru watu wanaoishi karibu nayo, na nguvu ya mawimbi hayo hupungua haraka kadiri mtu anavyokuwa mbali na antena. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio mwaka 2011 katika kundi 2B, linalojumuisha mambo ambayo huenda yakasababisha saratani lakini ushahidi wake una upungufu. Maelezo kama hayo yanahitaji mazungumzo ya wazi kati ya kampuni na majirani wa mnara, na mnara uliojificha haujengi mazingira mazuri ya mazungumzo hayo. Anayeugundua baada ya miaka mitatu huuliza kwa nini ulifichwa.

Vilevile si kila mtu hufichiwa. Katika Khayelitsha na vitongoji vingine vya watu weusi mjini Cape Town, barabara nyingi zimemulikwa kwa milingoti ya taa yenye urefu wa mita 30 na zaidi, mtindo ulioanza enzi za ubaguzi wa rangi: taa chache zilizo juu sana, zikimulika eneo kubwa kwa mwanga mkali na kuacha vivuli vizito kati ya vibanda. Milingoti hiyo huonekana kutoka mbali kuliko mtende wowote wa plastiki. Hakuna aliyeivika makuti. Wakazi wake wamedai kwa miaka mingi taa za kawaida za barabarani, kwa sababu ya usalama wa anayetembea usiku, na dai hilo ni zito kuliko la dirisha lenye mandhari nzuri.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, mjadala huu hauko mbali. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na mji wa Lamu mwaka 2001, na kuta zao za mawe ya matumbawe leo hubeba mita, nyaya, matangi ya maji, madishi ya televisheni na viyoyozi. Ufundi wa kimiani cha mbao, ambao mafundi wa pwani wanao tangu zamani, unaweza kuficha mengi ya hayo, mradi kanuni moja izingatiwe: mtambo unaotoa joto lazima upumue. Kiyoyozi kilichofungiwa ndani ya sanduku lisilopitisha hewa hula umeme zaidi na kuharibika mapema. Transfoma inahitaji nafasi ya fundi kufungua milango yake. Kampuni nyingi za umeme za Marekani hutaka takriban mita 3 mbele ya milango hiyo ziachwe wazi, na hukata bila kuuliza ua uliopandwa hapo.

Huko Cape, maficho mengine sasa yanaondoka yenyewe. Mbawakawa mdogo kutoka Asia anayetoboa miti na kuiambukiza kuvu aligunduliwa nchini Afrika Kusini mwaka 2017, na mwaka 2019 akaonekana Somerset West, mashariki mwa Cape Town, ambako hushambulia mialoni na miti mingine ya kivuli. Mti ulioathirika sana hukatwa na kuondolewa. Mnara uliosimamishwa katikati ya miti kama hiyo hauliwi na mdudu. Hubaki pale pale, wa kijani mwaka mzima, majirani zake wakiwa wameshakuwa visiki.